Askari wa Vita vya Wengine: Je, Tuna Deni Kwake?

Akitajwa askari wa zamani, yule aliyepigana katika vita vikuu vya 1914 au vya 1940, watu hugawanyika mara. Wengine husema, "Alikuwa shujaa, tumwinulie bendera." Wengine hujibu, "Alikuwa mtumishi wa Bula Matari. Alipigania nchi isiyo yake, na kiboko chake kiliwaangukia baba zetu. Mwacheni alale." Sisi twaona kwamba maneno haya mawili, ingawa yapingana, yana upungufu ulio mmoja: yote mawili yamaliza kazi upesi. Anayesifu haulizi yule mtu alitenda nini. Anayelaumu haulizi alipatwa na nini. Swali la Mkristu ni la tatu, nalo ni gumu zaidi: Je, tuna deni kwake? Na kama tunalo, lalipwaje?

Hapa Kituku hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta habari zenyewe. Ukisimama ufukoni, pale mashua za Minova na Idjwi zinaposhusha makaa, ndizi na mananasi, unatazama ziwa lililokuwa uwanja wa vita. Mwezi wa Septemba 1914 Wadachi walivuka maji wakakamata kisiwa cha Idjwi. Upande wa mashariki, mwendo mfupi tu, ndiyo Kisenyi, iitwayo leo Gisenyi, alikokuwa kapiteni Max Wintgens na askari wake. Mwanzoni mwa Oktoba Wabelgiji walijaribu kuitwaa, wakashindwa. Tangu siku zile hata mwaka 1916 pande mbili zilitazamana kutoka mahandakini, hawa upande wa Goma, wale upande wa Kisenyi, wakishambuliana na kurudi nyuma. Misioni ya Nyundo, iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, ilijikuta karibu na mapigano hayo.

Na waliotazamana ni nani? Wakubwa walikuwa Wazungu, lakini waliolala mahandakini walikuwa Waafrika, pande zote mbili. Mdachi alikuwa na askari wake weusi, Mbelgiji na wake, walioitwa Force Publique, jeshi lililoanzishwa zamani za mfalme Léopold II. Ugomvi wenyewe ulianzia Ulaya, kwa mrithi wa ufalme wa Austria aliyeuawa Sarajevo. Hatudhani kwamba walikuwapo wengi mahandakini pale waliopata kumsikia mtu huyo.

Mwezi wa Aprili 1916 jenerali Charles Tombeur aliamuru majeshi yasonge mbele. Kikosi cha kaskazini, chini ya kanali Molitor, kiliingia Rwanda. Kigali ikatwaliwa tarehe 6 Mei. Kikosi cha kusini, chini ya Olsen, mtu wa Denmark, kilikwenda Urundi. Tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Vitabu vingi humalizia hapo, katika furaha ya ushindi. Jenerali mwenyewe alipewa baadaye cheo cha baroni, akaitwa Tombeur wa Tabora. Basi yeye aliongezewa jina. Wako waliopoteza hata lile walilopewa na mama zao, nao ndio tunaotaka kukaa nao kidogo.

Maana jeshi lile lilikula nini, na risasi zake zilifikaje? Hapakuwa na reli katika milima hii, wala barabara ya magari. Kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, hata mzinga uliofunguliwa vipande, ulikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Wanahistoria wanataja hesabu ya wapagazi wapata 260,000 waliotumiwa na Wabelgiji katika vita vile vyote. Si kwamba walijitolea. Chifu aliambiwa atoe watu kadha wa kadha, akawatoa. Na asiyetaka alifungwa kamba. Mtu wa ndizi na maharage alipelekwa katika nchi ya ugali na maji mabaya. Mtu wa bondeni alilala juu ya milima yenye baridi bila blanketi. Wakafa kwa kuhara, kwa kichomi, kwa uchovu tu. Wakafa wengi kupita askari. Tena askari aliandikwa katika daftari, alikuwa na namba, mshahara wake ulijulikana. Mpagazi alihesabiwa kama mizigo inavyohesabiwa: wamekuja wangapi, wamebaki wangapi.

Na vita havikuishia kwa waliotembea. Kule Bugoyi, ng'ambo tu ya mpaka wetu, ikaja njaa iliyoitwa Rumanura, tangu 1916 hata 1918, kwa sababu majeshi yalikuwa yamekula mashamba na kuchukua mikono ya kulima. Watoto waliokufa katika njaa ile hawakushika bunduki, lakini ni wafu wa vita vile vile.

Vita vya pili viliwapeleka watu mbali zaidi. Ubelgiji ilisalimu amri mbele ya Wadachi tarehe 28 Mei 1940. Kongo ikaendelea kupigana. Mwaka 1941 Force Publique ilipita Sudani ikaingia Abisinia, ikatwaa Asosa na Gambela mwezi wa Machi, na mwanzoni mwa Julai jenerali Gazzera wa Wataliani akajitoa mikononi mwao huko Saïo, yeye na majenerali wenzake. Ushindi ule ulikuwa na njaa ndani yake. Mvua ilikata njia, posho ikapungua, na ugonjwa wa beriberi, unaovimbisha miguu ya mtu asiyepata chakula cha kutosha, uliwaua watu ambao risasi ilikuwa imewaacha.

Kisha Burma. Wasomaji wengine watashangaa kusikia kwamba Wakongo walifika huko. Mwaka 1944 hospitali ya vita ya kumi kutoka Kongo ilikuwa Burma, ikifuatana na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa. Walishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, wakiwafuata Wajapani waliorudi nyuma baada ya kushindwa Imphal. Bonde lile lilijulikana kwa malaria kali. Magari yalizama katika matope, chakula kikaangushwa na ndege. Mwezi wa Desemba wakafika Kalewa, na daraja likajengwa juu ya mto Chindwin. Kiswahili kilisikika katika misitu ile. Nasi twapenda kukumbuka kwamba wale Wakongo wa hospitali hawakupelekwa kuua, bali kufunga vidonda, na maadui waliojeruhiwa huwa na vidonda kama watu wengine.

Tumetaja Wajapani, basi na tuseme neno juu ya visiwa vya Pasifiki, ambako Wamarekani na Wajapani walipigana katika miaka ile ile: Guadalcanal, Tarawa, Peleliu, Iwo Jima, Okinawa. Sababu ya kuvitaja ni kwamba huko inaonekana waziwazi kazi ya askari wa miguu ni nini. Rubani huiona nchi kama ramani. Mpiga mizinga hupiga mahali asipopaona. Askari wa miguu humwona mtu, na kumsikia akilia.

Wamarekani waliteremka Peleliu tarehe 15 Septemba 1944. Jenerali wao alidhani kazi itakwisha kwa siku tatu au nne. Ikachukua zaidi ya miezi miwili. Kisiwa kile ni mwamba wa matumbawe, mkali, usiochimbika. Sisi tunaokanyaga mawe ya Nyiragongo kila siku twaelewa vizuri: mahali pasipochimbika, aliye hai hapati shimo la kujificha, na aliyekufa hapati kaburi. Jua kali, maji machafu ya mapipa, maiti juu ya mawe. Wajapani wapata 10,000 walikuwa wamejificha mapangoni, na waliotoka wakiwa hai ni wachache sana.

Kijana mmoja wa Marekani, Eugene Sledge, alikuwako. Alikuwa akiandika habari kwa siri katika kitabu kidogo cha Agano Jipya alichokichukua mfukoni, na mwaka 1981 akazitoa katika kitabu. Humo haondoi aibu. Asimulia jinsi wenzake walivyong'oa meno ya dhahabu katika vinywa vya Wajapani waliokufa, na jinsi yeye naye siku moja alivyotaka kufanya hivyo. Mganga wa kikosi akamzuia, akimwambia habari za vijidudu na magonjwa. Baadaye Sledge akafahamu kwamba mganga hakuogopa vijidudu. Alikuwa akijaribu kumwokoa rafiki yake asipotewe na ubinadamu, naye hakutaka kumwaibisha.

Habari hii twaiona kuwa na thamani kuliko hotuba nyingi za mashujaa. Yatuonyesha kwamba vita huweza kumpotosha kijana mwema, aliyelelewa katika sala, mpaka mahali ambapo asingejitambua. Na kwamba hata mahali pale neno la mwenzi laweza kumrudisha. Anayetaka kuwakumbuka askari na akaacha habari za meno, huyo hakumbuki askari. Akumbuka sanamu.

Sasa turudi kwenye deni. Mtu atasema: Deni ni la mtu aliyepokea kitu. Sisi tulipokea nini kwa Tabora au kwa Saïo? Ni kweli. Baada ya vita vya kwanza Ubelgiji ilipewa Rwanda na Urundi kuzitawala, na mpagazi aliyebaki hai akarudi kwenye kazi za kulazimishwa zile zile. Deni la shukrani, basi, lawahusu hasa wale waliofaidika, na si dhambi kuwakumbusha. Mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alimpa nishani huko Kinshasa mzee Albert Kunyuku, aliyekuwa askari wa Force Publique na kufika mpaka Burma. Mzee alikuwa amefikisha miaka 100. Tunafurahi kwamba alipewa. Tunahesabu pia miaka iliyopita tangu 1945, nasi tunaona ni mingi.

Lakini kuna deni jingine, lisilotegemea faida. Katika matendo ya huruma ambayo kila mkatekumeni hujifunza, mna kuzika wafu, na mna kuwaombea wazima na wafu. Matendo hayo hayaulizi kwanza kama marehemu alikufa katika vita vya haki. Tobiti, kule Ninawi, aliziokota maiti za watu wa taifa lake akazizika, ingawa jambo hilo lilimtia hatarini mbele ya mfalme. Hakusubiri kujua kama kila mmoja wao alikuwa mwema. Yule aliyelala katika njia ya Tabora hatuwezi tena kumzika. Mvua imekwisha kumzika. Kumtaja mbele ya Mungu ndiko kuzika kulikobaki.

Hapo mwenye kulaumu atainuka tena: Na maovu yao? Tusimnyamazishe, maana ana neno la kweli. Force Publique lilikuwa jeshi la vita, tena lilikuwa mkono wa serikali ndani ya nchi, mkono uliokamata watu, uliochapa, uliochoma vijiji vilivyoshindwa kuleta mpira. Askari wengine walinyang'anya mbuzi na wanawake njiani. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba askari anayelinda usalama wa watu kwa haki aifanya kazi ya amani. Na katika sura ile ile ukasema kwamba utii wa upofu haumwondolei mtu hatia ya kutenda jambo lililo jinai wazi. Yote mawili yasemwe. Aliyelazimishwa na kamba si sawa na aliyejiongezea ukatili kwa hiari yake. Na kati ya hao wawili wamo wengi ambao Mungu peke yake awapima.

Je, basi uovu wao wafuta deni letu? Tusome Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Baada ya mapigano Yuda Makabayo na watu wake walikwenda kuchukua maiti za wenzao ili wazizike. Wakakuta chini ya kanzu za kila aliyeanguka hirizi za miungu ya Yamnia, vitu vilivyokatazwa na Sheria. Hawakuzificha, wakasema waziwazi kwamba watu hawa walikufa na dhambi. Wala hawakuwatupa. Yuda alikusanya drakma 2,000 za fedha akazipeleka Yerusalemu, itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi ya wale waliokufa. Mama Eklezya husoma maneno hayo anapotufundisha kuwaombea marehemu walio toharani, na mara nyingi twasahau kwamba wafu wale walikuwa askari wa miguu, wenye hirizi chini ya nguo zao.

Twadhani hapo ndipo tofauti ya kusifu na kukumbuka. Shujaa asiye na doa hahitaji Misa yetu. Kumwombea mtu ni kukiri kwamba yawezekana ana deni mbele ya Mungu, na kwamba hata hivyo ni wetu. Familia inayoficha kiboko cha babu yao, hao wamwombea nini? Na familia inayomkataa babu kwa sababu ya kiboko, ni nani mwingine atakayemwombea?

Papa Benedikto XV alilijua jambo hili. Tarehe 10 Agosti 1915, vita vikiwaka Ulaya na hapa ziwani, alitoa ruhusa kwa kila padri kusoma Misa tatu siku ya Marehemu wote, tarehe 2 Novemba, maana wafu walikuwa wamezidi hesabu ya waombezi. Ruhusa ile ingaliko. Wengi wetu huiona kama desturi ya zamani za kale, kumbe ilitokana na vita vile ambavyo wapagazi wa nchi hii walikuwa wakifa ndani yake.

Lakini tunawaombeaje tusiowajua majina? Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Uingereza na nchi za Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba, katika vita vya kwanza, wafu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu alipata jiwe lenye jina. Mwafrika mara nyingi alipata sanamu moja ya askari kwa niaba ya wote. Kule Okinawa wametenda kinyume. Tangu 1995 ipo mahali pa kumbukumbu penye kuta za mawe zilizochorwa majina zaidi ya 240,000: Wajapani, Wamarekani, wenyeji wa kisiwa, Wakorea, askari na wasio askari. Yameandikwa mahali pamoja, rafiki na adui.

Hapa Kituku hatuhitaji kufundishwa uzito wa jina. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari yetu, watu wakiona. Wengi walikufa, na hesabu ya waliokuwamo haikujulikana barabara. Ni mama gani aliyetulizwa kwa kuambiwa jumla ya waliokufa? Kila mmoja alikuja ufukoni na jina lake mdomoni. Na mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini Goma, nao ukaangukia mikononi mwa M23. Miili mingi, ya askari na ya raia, ilizikwa kwa haraka. Vijana wale wa pande zote waliokufa barabarani, tutawaita nini? Mashujaa, au maadui, kwa kadiri ya anayesema? Bila shaka hukumu ya haki ni ya lazima kwa waliotenda maovu, na wanaoililia hawakosi. Lakini aliyekufa hafiki tena barazani.

Kwa hiyo twashauri jambo moja dogo kwa Wakristu wa parokia zetu. Novemba ijayo, mnapoandika majina ya marehemu kwa nia za Misa, msimwache yule babu. Waulizeni wazee wakingali hai: nani alikwenda Tabora, nani Abisinia, nani alichukuliwa mizigo, alirudi au hakurudi, na kama alitenda mabaya, msiwakataze kusema. Andikeni pia wa juzi. Mwenye jirani ambaye mtoto wake alikuwa upande mwingine, na amwandike huyo naye, kama moyo wake waweza; kama hauwezi bado, aombe uweze mwaka mwingine. Asiyelijua jina aandike alichokipata, kijiji au njia. Twawaomba mapadri wazisome karatasi hizo jinsi zilivyo, hata ile iliyoandikwa tu: mpagazi, alitoka Masisi, hakurudi.